Kupanga muziki kwenye redio ya mtaa: namna ya kuwavuta wasikilizaji na kuwatunza



Katika semina zetu pamoja na redio ndogo za mashariki ya Kongo, kuna lalamiko moja linalorudi kila mara. Wakubwa wa redio wanatuambia: «Tunatengeneza vipindi vizuri vya amani, lakini watu hawasikilizi. Mara tu majadiliano yanapoanza, wanageuza redio.» Sisi tunawauliza: «Na muziki je, nani anaupanga?» Mara nyingi watu wanatazamana, kisha mmoja anajibu akicheka: «Hakuna anayeupanga. Kila mtangazaji anakuja na flashi yake.»

Hapo ndipo shida inapoanzia. Kwenye redio nyingi za kwetu muziki unachukua sehemu kubwa ya siku kuliko maneno, lakini ndio unaofikiriwa kidogo zaidi. Tunakaa siku tatu tukitengeneza kipindi cha nusu saa juu ya ugomvi wa mashamba, halafu saa kumi zinazobaki tunamwachia kijana mmoja na nyimbo anazozipenda yeye na rafiki zake. Katika makala hii tunataka kueleza, hatua kwa hatua, namna ya kupanga muziki ili watu waje, wabaki, na wawepo wakati neno la maana linaposemwa.

Kwa nini muziki ni jambo la amani?

Wengine watasema: «Sisi ni watu wa amani, muziki ni wa kufurahisha tu.» Historia ya jirani zetu inatufundisha mambo mengine. Mwezi wa 7 mwaka 1993 redio RTLM ilianza kusikika Rwanda. Redio ya taifa ilikuwa na maneno mazito ya kiofisi. Hii mpya ilileta miziki ya kupendwa, ukiwemo muziki wa kwetu, Zaire ya wakati ule. Ilileta mizaha na watangazaji wanaoongea kama watu wa barabarani. Vijana waliipenda, walisikiliza kwa ajili ya muziki, na chuki ikapita katikati ya nyimbo. Mwezi wa 4 mwaka 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, wasikilizaji walikuwa wamekwisha kuwa tayari, na redio ile ile ikataja majina ya watu wa kuuawa. Mwezi wa 12 mwaka 2003, mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza.

Kwa upande mwingine, tarehe 25 mwezi wa 2 mwaka 2002, siku ile ile mazungumzo ya Wakongomani yalipofunguliwa Sun City, Radio Okapi ilianza kusikika katika Kongo iliyokuwa imegawanyika na vita. Ilianzishwa na MONUC pamoja na Fondation Hirondelle, na ilisema kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kichiluba na Kikongo. Mtu wa upande wa serikali na mtu wa upande wa waasi walisikia habari zile zile na miziki ile ile. Vita havikuisha kwa sababu hiyo, lakini watu waliokuwa hawawezi kutembeleana waliweza tena kuwa na kitu kimoja cha kuzungumzia.

Somo ni moja: muziki unawakusanya watu, na anayewakusanya ana deni kwao. Anayekusanya bila mpango anawapoteza. Anayekusanya kwa nia mbaya anaweza kuwaangamiza.

Hatua ya kwanza: jueni nani anasikiliza, na saa ngapi

Msianze na nyimbo, anzeni na siku ya mkaaji. Chukueni karatasi na kuandika: mama muuzaji wa soko anaamka saa ngapi? Anawasha redio wapi? Mwanafunzi anarudi saa ngapi? Wamotari wanangojea abiria wapi? Mlinzi wa usiku anafanya nini ili asisinzie?

Katika mitaa mingi mtaona milango mitatu. Mlango wa kwanza ni asubuhi, tangu saa 11 mpaka saa 2. Watu wanajitayarisha na wanataka kujua saa, habari za usalama wa barabara, na makomunike ya matanga. Hapo nyimbo ziwe fupi na zenye moyo mzuri, na saa itajwe mara kwa mara. Mlango wa pili ni mchana, kwa washonaji, vinyozi, wauzaji wa maduka na mama walio nyumbani. Hao wanasikiliza kwa muda mrefu huku mikono inafanya kazi, basi muziki uwe mwingi na maneno yawe machache. Mlango wa tatu ni jioni, tangu saa 11 mpaka saa 3 usiku, ambapo jamaa iko pamoja na redio moja inasikilizwa na watu sita au kumi. Hapo mzee na mtoto wako kwenye mkeka mmoja: wimbo wa matusi utamfanya baba azime redio, na wimbo wa zamani tu utamfanya kijana atoke nje.

Wengi wa redio zetu wanatumia grupu, na mazutu ni ya bei kali. Kama uwezo wenu ni saa nane kwa siku, fungueni milango yenye watu wengi, na mfungue kila siku kwa saa ile ile. Redio inayoanza leo saa 11, kesho saa 1, na kesho kutwa haisikiki, inawafundisha watu kuisahau.

Tukumbuke pia kwamba kijana wa leo ana nyimbo mia tatu ndani ya simu yake. Hahitaji redio ili apate wimbo. Anachokosa kwenye simu ni mtu wa kwao anayemwambia saa, anayemletea habari za mtaa, anayemchekesha, na anayemchagulia wimbo ambao yeye mwenyewe hakuufikiria. Hicho ndicho mnachouza.

Hatua ya pili: gaweni nyimbo katika vikundi vinne

Toeni nyimbo zote kwenye flashi za watangazaji na muziweke pamoja katika mashine moja ya redio. Kisha muzigawe hivi:

A. Nyimbo mpya zinazopendwa sasa. Ni chache, tisa hivi. Ndizo watoto wanaziimba barabarani.

B. Nyimbo za miaka ya karibu ambazo kila mtu anazijua. Thelathini au zaidi kidogo. Hazishangazi mtu, lakini hakuna anayezichukia.

C. Nyimbo za zamani. Hapa tuna utajiri mkubwa. Rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi wa 12 mwaka 2021, na wazee wetu wanaweza kueleza kila gitaa. Wekeni Franco, Tabu Ley na Kabasele, lakini msiwasahau wapiga gitaa wa Katanga walioimba kwa Kiswahili, kama Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo.

D. Nyimbo za hapa kwetu. Kwaya ya mtaa, kikundi cha ngoma, kijana anayerekodi katika chumba cha rafiki yake, mama wanaoimba wakitwanga. Kama hamna, nendeni na simu mkazirekodi. Hakuna redio ya Kinshasa wala ya ng'ambo itakayowashinda katika kikundi hiki, kwa sababu hawana nyimbo hizo.

Kila siku ya kwanza ya juma watu watatu au wanne wakae pamoja kwa saa moja: mkubwa wa vipindi, mtangazaji mmoja, mwanamke mmoja, na kama inawezekana mtu mmoja kutoka klabu ya wasikilizaji. Wasikilize nyimbo mpya, waondoe wimbo uliochosha, waingize mwingine. Uamuzi uwe wa kikundi, si wa mtu mmoja. Tutaona chini kwa nini jambo hili linalinda redio.

Hatua ya tatu: choreni saa

Choreni duara kubwa kama uso wa saa na mlibandike ukutani mwa studio. Tuchukue mfano wa saa moja ya jioni. Habari fupi: dakika 5. Makomunike: dakika 5. Ujumbe au mchezo mfupi wa amani: dakika 4. Maneno ya mtangazaji, saa na jina la redio: dakika 6 zikigawanywa kidogo kidogo. Jumla ni dakika 20. Zinabaki dakika 40 za muziki. Kama wimbo mmoja unachukua dakika 5 hivi, mna nafasi ya nyimbo nane: mbili za A, mbili za B, mbili za C na mbili za D.

Sasa mpangilio. Anzeni saa na wimbo unaojulikana, usiku au mchana, kwa sababu mtu anayewasha redio anaamua haraka kama atabaki. Wimbo usiojulikana, hasa wa kikundi D, uwekeni katikati ya nyimbo mbili zinazopendwa. Mtu atauvumilia mara ya kwanza, mara ya tatu ataanza kuuimba. Msiweke nyimbo mbili ngeni mfululizo. Msiweke waimbaji wawili wanaofanana mfululizo. Na kama wimbo mmoja ni wa haraka, unaofuata usiwe wa kulia kabisa: pandeni na mshuke kama njia ya mlima, pole pole.

Neno moja juu ya urefu. Nyimbo nyingi za kwetu zinapita dakika saba, na uzuri wake unakuja mwishoni, gitaa linapoanza sebene. Mtangazaji anayekata wimbo mbele ya sebene ili asome tangazo anafanya kama mama anayeondoa sahani wakati nyama inafika. Kama nafasi ni ndogo, chagueni wimbo mfupi tangu mwanzo.

Hatua ya nne: hesabu ya kuzungusha

Redio nyingi zinaanguka katika moja ya makosa mawili: wimbo mmoja unapigwa mara sita kwa siku mpaka unachukiwa, au wimbo mzuri unapigwa mara moja kisha unapotea. Dawa ni kuzungusha kwa utaratibu. Andikeni nyimbo za A kwa namba, 1 mpaka 9, na kila nafasi ya A ichukue namba inayofuata. Hakuna kuruka, hakuna kurudia kwa sababu rafiki ameomba.

Kwa nini tisa na si nane? Tuseme mnasikika saa nane kwa siku, na kila saa ina nafasi mbili za A. Hizo ni nafasi 16. Mkiwa na nyimbo nane, kila wimbo utapigwa mara mbili, na kesho utarudi katika saa zile zile. Mama anayesikiliza saa moja tu kila jioni atasikia nyimbo zile zile mbili kila siku, na atasema redio yenu ina nyimbo mbili. Mkiwa na tisa, mzunguko unateleza: leo wimbo namba 1 unafungua siku, kesho siku inafunguliwa na namba 8, na namba 1 inaingia saa ya pili. Bila mashine yoyote ya gharama, kila msikilizaji anapata nyimbo zote kwa zamu. Tumieni njia ile ile kwa B na C: angalieni tu kwamba hesabu ya nyimbo isigawanyike sawasawa na nafasi za siku.

Kila wimbo uliopigwa uandikwe katika kitabu: saa, jina la wimbo, mwimbaji, lugha. Kitabu hicho ni kazi ya dakika chache, lakini siku ya ugomvi ndicho shahidi wenu.

Hatua ya tano: mahali pa ujumbe wa amani

Kosa letu sisi mashirika ni kuomba saa nzima. Tunaleta kipindi cha dakika 60, watu wanne mezani, hotuba juu ya hotuba, kisha tunashangaa kwamba mtaa umehamia kwenye redio nyingine. Tumejifunza kuomba kidogo, lakini mahali pazuri.

Mchezo wa dakika nne ukiwekwa katikati ya nyimbo mbili za A, saa 1 ya jioni, unasikilizwa na watu ambao hawangekuja kwenye mkutano wa amani hata mara moja. Mkiurudia kesho yake asubuhi, mlinzi wa usiku na mama wa soko nao wataupata. Majadiliano marefu yana nafasi yake, lakini yagawanyeni: dakika kumi za maneno, wimbo, dakika kumi, wimbo. Wimbo unampa msikilizaji nafasi ya kuwaza na kubishana na jirani yake, na hayo mabishano ya nyumbani ndiyo tunayoyatafuta.

Mbele ya wimbo, toeni ahadi ya kweli. Msiseme tu «msiende mbali». Semeni: «Nyuma ya wimbo huu, wakulima wawili walioshitakiana miaka minne watatueleza namna walivyopima upya mpaka wa shamba.» Halafu muitimize nyuma ya wimbo huo, si nyuma ya nyimbo tano. Ahadi isiyotimizwa inawafundisha watu kwamba redio inadanganya, na redio inayodanganya juu ya wimbo haitaaminiwa juu ya habari za usalama.

Mitego ya kwetu

Mpaka hapa tumesema mambo ambayo redio yoyote ya muziki duniani inayafanya. Sasa tuseme yale yanayotuhusu sisi, katika inchi yenye majeraha.

Lugha. Redio moja ya tambarare, ambayo hatutaitaja, ilitualika kwa sababu wakaaji wa milimani walikuwa wanaiita «redio yao». Watangazaji walihuzunika. Walisema: «Habari zetu ni sawa kwa wote, hatujamtukana mtu.» Tulifungua kitabu cha nyimbo cha juma zima. Hakukuwa na wimbo hata mmoja katika lugha ya watu wa milimani. Hakuna aliyekuwa amekataa: watangazaji wote walitoka upande mmoja, na flashi zao vilevile. Juma lililofuata walikwenda kurekodi kwaya mbili za kule juu na kuziweka katika nafasi za D, katikati ya nyimbo zinazopendwa. Simu ya kwanza ilikuwa ya kulaumu, kutoka kwa msikilizaji wa mjini aliyeuliza kwa nini «mmewauzia redio». Ya pili ilitoka kwa mzee wa milimani aliyesema neno moja tu: «Tumesikia.» Ndugu zetu hawakuficha simu ya kwanza. Waliijibu hewani kwa upole, wakasoma hesabu ya lugha katika kitabu chao, na wakaendelea. Kazi hii ina gharama, na ni vizuri mkubwa wa redio ajue hivyo mbele ya kuanza.

Mabanga. Sote tunajua kwamba wanamuziki wetu «wanatupa libanga», yaani wanataja majina ya watu waliowalipa ndani ya wimbo. Mwaka 1960, African Jazz ya Kabasele ilipoimba Indépendance Cha Cha huko Bruxelles, wakati wa mkutano wa meza ya mviringo, wimbo ule uliwataja pamoja viongozi wa vyama mbalimbali, na inchi nzima iliucheza. Libanga la leo mara nyingi linamsifu mmoja. Wakati wa uchaguzi, mkiupiga wimbo unaomsifu mgombea mmoja mara tatu kwa siku, mmemfanyia kampeni bila kujua, na wa upande wa pili wanahesabu. Kikundi cha siku ya kwanza kisikilize wimbo wote mpaka mwisho, na wakati wa kampeni nyimbo zenye majina ya wagombea zipumzike, zote bila ubaguzi.

Feza za chini ya meza. Mwanamuziki akimpa mtangazaji franka kidogo ili wimbo wake upigwe, mtangazaji ambaye hajalipwa miezi mitatu atakataa namna gani? Tusimhukumu haraka. Lakini mlango ukifunguliwa kwa mwanamuziki, kesho ataingia mwanasiasa, na kesho kutwa mwenye silaha. Ndiyo maana tulisema uamuzi uwe wa kikundi. Mtangazaji anaweza kujibu bila aibu: «Si mimi ninayechagua, peleka wimbo wako siku ya kwanza.» Na redio ikitaka kuuza nafasi, iuze hadharani, kwa bei inayojulikana, na iseme kwamba ni tangazo.

Salamu. Vipindi vya salamu vinapendwa kuliko vyote, na vinaleta feza. Lakini katika mitaa yenye makundi ya silaha, salamu si salamu kila mara. «Namsalimu fulani wa kule juu, mzigo umefika»: nani anajua ni mzigo gani? Vilevile mtu anaweza kumsalimu jamaa aliyekimbia, akataja kijiji alichojificha, na anayemtafuta akasikia. Basi salamu zisomwe na mtu wa pili mbele ya kwenda hewani. Msitaje mahali penye mtu aliyekimbia. Msisome majina ya utani ya wapiganaji wala maneno ya mafumbo. Anayepiga simu moja kwa moja apokelewe kwanza nje ya hewa.

Nyimbo za vita. Kuna nyimbo zisizo na neno baya hata moja, lakini kundi fulani liliziimba siku lilipoingia kijijini. Mgeni hawezi kujua, lakini mama aliyekimbia siku hiyo hasahau. Waulizeni wakaaji wa kila upande: «Kuna wimbo unaowaumiza?» Sikilizeni jibu bila kubisha.

Siku ya matanga, na siku ya ukimya. Mauaji yakitokea karibu, msiendelee na ndombolo kama kwamba hakuna kitu. Tayarisheni mapema saa mbili au tatu za muziki wa utulivu, kwaya na gitaa la pole pole, kutoka makabila yote na dini zote. Na kama grupu inakwisha mazutu, semeni: «Tunafunga kwa sababu ya mazutu, tutarudi kesho saa 11.» Katika mitaa yetu, redio ikinyamaza ghafula watu wanafunga mizigo. Tumeona jamaa zinatoka usiku na watoto mgongoni kwa sababu ya ukimya tu.

Tutajuaje kama tumefaulu?

Msitegemee simu za kusifu, kwa sababu wanaopiga ni wale wale. Mara moja kwa mwezi, wakati wa kipindi chenu kikubwa, watu wawili watembee mtaani, mmoja mwanamke mmoja mwanaume. Wapite avenyu tano, soko, na kituo cha wamotari, na wahesabu: redio ngapi zinalia, na ngapi ziko kwetu. Wapite pia mitaa ya kabila lisilo na mtangazaji kwenu, kwa kuwa huko ndiko mtajua ukweli. Kisha waulize maswali matatu tu: Unasikiliza saa ngapi? Ni kitu gani kinakufanya ugeuze redio? Jana mlizungumza nyumbani juu ya jambo lolote mlilolisikia? Swali la tatu ndilo letu. Wasikilizaji wengi wasiozungumza ni soko la miziki tu. Wakianza kuzungumza, hata kwa kubishana, redio imefanya kazi yake.

Kwa kumaliza

Hakuna katika haya yote kitu kinachohitaji mashine kubwa. Duara ukutani, kitabu cha nyimbo, mkutano wa saa moja kila juma, na masikio kwa watu wasiofanana na sisi. Vita vinavyorudi mashariki vimeharibu studio nyingi na kuwafukuza watangazaji wengi. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, M23 ilipoingia Goma kisha Bukavu, kazi ya redio imekuwa ngumu zaidi. Sababu moja zaidi ya kuwatunza wasikilizaji tulio nao. Siku hatari inapokuja, watu hawatafuti redio mpya. Wanafungua ile waliyoizoea, ile iliyowapigia wimbo wa mama yao.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Fungueni kitabu cha nyimbo cha juma lililopita. Kama hakipo, anzeni leo. Lugha gani zimo? Lugha gani za mtaa wetu hazimo?
2. Nani kwetu anaamua wimbo upigwe? Mwanamuziki maskini kutoka kijiji cha mbali anaweza kumfikia namna gani?
3. Kipindi chetu cha amani kiko saa ngapi? Wimbo gani unakitangulia, na wimbo gani unakifuata?
4. Kuna wimbo tunaoupenda sisi ambao jirani zetu wanauogopa? Tuliwahi kuwauliza?
5. Usiku wa leo redio ikinyamaza ghafula, wakaaji watafikiri nini, na sisi tungewaambia nini mapema?